Mdogo wangu, ulizia ile sindano ya mwisho

Mdogo wangu,

Umeniuliza dawa za kugandisha mayai, yaani kuyakuza, kuyavuna kutoka kwenye ovari na kuyahifadhi kwa ajili ya baadaye, zinamfanya nini mtu. Orodha ya kliniki unayo: tumbo kujaa, kichwa, matiti kuuma, hasira za karibu, uchovu. Haina uongo, ila imepanga kero za wiki mbili bega kwa bega na jambo linaloweza kukulaza wodini, kana kwamba vyote uzito wake ni mmoja.

Kero kwanza. Kila mwezi ovari huamsha kundi la vifuko vyenye mayai. Kimoja hukua, vingine hunyauka. Sindano za homoni ya FSH, mara nyingi yuniti 150 hadi 300 kwa siku, kwa siku 8 hadi 14, huvikuza hata vile ambavyo vingenyauka. (Kwa hiyo anayekwambia utamaliza mayai na hedhi itakoma mapema amekosea. Yanayovunwa yangepotea mwezi huohuo.) Kifuko kilichoiva kina kipenyo cha milimita 17 hadi 20. Weka 15 vya namna hiyo ndani ya ovari ambayo siku zote ina urefu wa sentimita 3 hivi, na utaelewa kwa nini ikifika siku ya saba suruali haifungi. Si mafuta hayo, wala si uvivu.

Sindano zenyewe ni ndogo, unajichoma tumboni pembeni ya kitovu. Acha spiriti ikauke kabisa kabla ya kuchoma, maana ikiingia na ncha ya sindano inawasha kama pilipili. Dawa iliyotoka kwenye friji iache nje kidogo ipungue ubaridi. Leo kulia, kesho kushoto. Kuanzia siku ya 5 au 6 huongezwa sindano ya kuzuia mayai yasitoke kabla ya wakati, na hiyo mara nyingi huacha duara jekundu linalowasha, kisha linafifia lenyewe. Sindano hiyo ikikuvimbisha midomo au kukubana pumzi, hilo ni jambo jingine: nenda hospitali hapohapo.

Ovari nzito ikining'inia inaweza kujisokota kwenye mshipa wake na kujikatia damu. Hutokea kwa nadra, lakini ikitokea ni suala la saa, si siku: maumivu makali ya ghafla upande mmoja, na kutapika. Ndiyo maana unakatazwa kukimbia, kuruka kamba na mazoezi ya kujinyonganyonga mpaka hedhi irudi. Tendo la ndoa nalo lisubiri, kwa sababu hiyo na nyingine ambayo wengi hawaambiwi: sindano inayonyonya mayai siku ya kuvuna haiyamalizi yote, na moja lililosalia linatosha kukupa mimba.

Sasa ile sindano ya mwisho. Hii ndiyo inayoyaivisha mayai, na huchomwa saa 34 hadi 36 kabla ya kuvuna. Ukiambiwa saa 4:30 usiku, ni saa 4:30, si saa 5. Ziko aina mbili. Ya kwanza ni hCG. Inafanya kazi ya LH, homoni yako inayoivisha yai kila mwezi, lakini haiondoki mapema. Inabaki mwilini kwa siku nyingi ikiendelea kuvichokoza vifuko. Vifuko navyo vinatoa protini iitwayo VEGF, inayoilegeza mishipa midogo ya damu. Maji yanavuja kutoka kwenye damu na kujaa tumboni, na damu inayobaki inakuwa nzito. Hali hiyo ndiyo ovari kuchochewa kupita kiasi, na ikiwa kali huleta damu kuganda miguuni au mapafuni, na figo kukosa maji.

Aina ya pili, inayoitwa GnRH agonist, haiigi LH. Inaiamsha tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, itoe LH yako mwenyewe, na wimbi hilo linapita ndani ya siku moja na ushei. Hatari ya kuvuja inashuka mno. Gharama yake ni kwamba homoni zinaporomoka haraka na kizazi hakiwi tayari kupokea mimba mwezi huo. Lakini wewe hupandikizi kitu mwezi huo, unagandisha! Gharama hiyo haikuhusu. Kwa hiyo muulize daktari waziwazi: sindano ya mwisho ni ipi, na kwa nini? Zipo sababu halali za kuchagua hCG au kuzichanganya. Mtu ambaye pituitari yake haiitikii, kwa mfano, atavunwa mayai machache au akose kabisa. Ila jibu la "ndiyo tunayotumia siku zote" lisikuridhishe, hasa kama una vifuko vingi, umri mdogo, mwili mwembamba, kipimo cha AMH (homoni inayoonyesha akiba ya mayai) kiko juu, au una tatizo la ovari zenye vifuko vingi (PCOS). Kundi hili huweza pia kupewa vidonge vya kabegolini kwa wiki moja hivi ili kupunguza uvujaji.

Kuvuna kwenyewe ni dakika 15 hadi 20 ukiwa umelala kwa dawa, tumbo tupu. Matone ya damu siku moja mbili ni kawaida. Pedi kulowa ndani ya saa moja, au homa ya nyuzi 38, si kawaida.

Kujiangalia kusiishie siku hiyo. Wiki inayofuata, kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, panda mizani, kisha zungusha tepu ya fundi cherehani usawa wa kitovu, andika namba zote mbili. Kilo moja kwa siku moja, mkojo kidogo wenye rangi iliyokolea, kutapika kusikokoma, kuhema ukilala chali, mguu mmoja kuvimba na kuuma: usisubiri kukuche. Maumivu ya kawaida meza parasetamo. Aibuprofeni na diklofenaki usiziguse bila ruhusa, figo zina kazi ya kutosha. Kunywa kwa kiu, na maji ya ORS ni bora kuliko maji matupu lita kwa lita. Choo kikigoma, ni homoni ya projesteroni na dawa za usingizi. Omba cha kulainisha mapema. Machozi yasiyo na sababu nayo huja siku hizi, homoni ya estrojeni ikiporomoka. Usikandwe tumbo, hata na anayejua kukanda.

Hedhi itarudi ndani ya wiki mbili hivi, pengine nzito kuliko ulivyozoea, na ovari zitaanza kunywea. Kabla ya yote hayo, siku unayolipia, chukua namba ya simu ya muuguzi wa zamu ya usiku. Ya mapokezi inafungwa jioni.

Dada yako