Tukiambiwa "punguza mwili" tuambiwe na sahani ikae vipi

Ndugu Mhariri,

Asalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze jambo ambalo sie wanawake tunalisema chumbani tu tena kwa kunong'ona, nalo ni hii PCOS, maradhi ya homoni yanayovuruga ovari (viungo vinavyotoa mayai ya mwanamke), na hasa upande wa mwili na chakula mana huo ndio unaotukera kila siku inayokucha.

Mie ninayo. Siku zangu hukata miezi mitatu minne haziji, ndevu za kidevuni, chunusi mpaka mgongoni, na mwili unanenepa. Nilipopimwa altrasaundi nikaambiwa "una PCOS, nenda kapunguze mwili", nikaandikiwa dawa na mwengine akaitwa. Sukari sikupimwa. Wala sikuulizwa nyumbani kwetu kunapikwa nini. Na kila mwanamke nilieongea nae mwenye tatizo hili, awe wa Wete, Chake au mjini Unguja, kaambiwa maneno hayo hayo matatu manne kisha akatolewa nje.

Jamani hilo si agizo la daktari, hilo hata jirani analisema.

Wengi wetu wenye PCOS miili yetu haiisikii insulini vizuri. Insulini ndio inayoingiza sukari ya chakula kwenye misuli, sasa mwili ukiwa hauisikii kongosho inazidi kuimwaga, na ile insulini iliyojaa kwenye damu inazisukuma ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi, ndio hizo ndevu na chunusi, ndio yai linakwama halitoki na hedhi inapotea. Vile vidoa vinavyoonekana kwenye picha ya altrasaundi ni vifuko vidogo vya mayai yaliyokwama njiani, si uvimbe wa kukatwa kwa kisu kama tunavyotishwa. Na insulini ikikaa juu mafuta yanahifadhika, zaidi tumboni, halafu yale mafuta ya tumboni nayo yanafanya insulini izidi kutosikika. Sasa mtu yumo ndani ya mzunguko huo anaambiwa mlafi.

Kuna alama moja nataka kina mama waijue. Mtoto wa kike akianza kuwa mweusi shingo kwa nyuma na kwapani, ngozi ikawa nene kidogo na laini mfano wa mahameli, asisuguliwe na dodoki na limau na kuambiwa haogi, wala asinunuliwe krimu ya kujichubua. Haitoki kwa kusugua kwa sababu si uchafu, mara nyingi ni insulini iliyozidi inajionesha kwenye ngozi. Apelekwe akapimwe sukari. Nimeona wasichana wa skuli wanafunga mtandio shingoni hata wakiwa ndani na dada zao tu, kwa aibu ya kitu ambacho hawana kosa nacho.

Sasa njoo kwenye chakula chetu. Asubuhi boflo au mandazi na chai ya sukari vijiko vitatu. Mchana sinia, wali wa nazi umejaa mpaka ukingoni, mchuzi wa samaki vipande vinne watu sita, ndani ya mchuzi mna mbatata, na mboga ni achari kwenye kijibakuli. Jioni urojo, na huo urojo wenyewe ni unga, ndani mbatata, kachori, na chipsi za muhogo juu. Usiku chapati. Ramadhani ndio usiseme, futari moja ina muhogo, ndizi, tambi, mbatata na kaimati, zote wanga, na wanga ukishaliwa hugeuka sukari mwilini, na uji wa sukari pembeni. Sisemi hivi kukidharau chakula chetu, hakuna chakula nikipendacho duniani kuliko hichi, nasema kwa mwili usioisikia insulini hicho ni sukari juu ya sukari kutwa nzima.

Na dawa yake imo humo humo jikoni. Wali usiondoke, upungue uwe robo ya sahani, nusu iwe mchicha, matembele, bamia, kisamvu, bilinganya, na robo iliyobaki samaki au kunde au mbaazi. Samaki bei juu, najua, basi vibua na dagaa, na choroko hazijamshinda mtu. Ukila mboga na samaki mwanzo halafu ndio wali, sukari haipandi kwa kasi ile. Ukishika muhogo au shelisheli basi hapo ndio wali wako, usile na wali tena. Chai bila sukari mwanzo inakera kisha ulimi unazoea. Sharubati iache hata kama ni ya matunda ya shambani kwako, kula tunda lenyewe. Na baada ya kula tembea dakika 10 au 15, hata kama ni kuzunguka uwani, mana misuli ikifanya kazi inavuta sukari bila kungoja insulini nyingi.

Lakini nani anapika? Hapo ndipo panapouma. Mwanamke yuko kwa wakwe, sinia ni moja, akila kidogo anaulizwa chakula kibaya au anaringa, akisema nataka mboga nyingi anaambiwa kajifanya mzungu. Na hawa hawa wanaomsukumia wali ndio wanaomuuliza mtoto yuko wapi. Mume akikubali sinia la nyumba libadilike, wote wale hivyo, kamsaidia mkewe kuliko hela zote za dawa za chango na zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa kwenye simu. Tena na yeye na mama yake wanafaidika, maana kisukari kimejaa majumbani mwetu.

Hakuna lishe moja ya miujiza, mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 umesema wazi hakuna aina moja ya ulaji iliyothibitika kuzidi nyengine. Wala si lazima urudi mwembamba wa enzi za usichana. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 4 na nusu mpaka 9 hivi, wengi huona siku zinaanza kurudi. Na wako wembamba wenye PCOS na insulini yao haifanyi kazi sawasawa, hao "punguza mwili" wanaambiwa wakapunguze nini?

Shirika la Afya Duniani linakisia wanawake 10 mpaka 13 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wanayo, na hadi 70 katika kila 100 wenye nayo hawajijui. Hao ni dada zetu na walimu wa watoto wetu.

Kwahio ombi langu kwa wahusika wa afya Unguja na Pemba. Mwanamke akiambiwa ana PCOS, mnene au mwembamba, apimwe sukari siku zile zile, na ikiwezekana kile kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 asubuhi hujala kitu kisha damu inapimwa tena baada ya saa mbili, maana sukari ya kufunga, ile inayopimwa hujala tu, peke yake inaweza kuonesha uzima wakati mambo yashaanza kuharibika. Akipewa metformini, dawa inayosaidia mwili kuisikia insulini, aelezwe aimeze na chakula, na tumbo likimvuruga siku za mwanzo asiitupe, arudi aseme. Aambiwe hedhi ikipotea zaidi ya miezi mitatu asikae nyumbani akashukuru kapumzika, ukuta wa kizazi unanenepa ndani na ukiachwa miaka unaweza kuleta saratani. Na siku ya kumweleza chakula, aitwe na mumewe au mama mkwe, yeyote anaepakua.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba