Athmani, nitazamie plaiwudi kabla haijapakiwa

Langoni, Amu

Kwa ndugu yangu Athmani,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Mama akusalimu sana, na Bi Zuhura bado auliza kile kitambaa chake. Najua tumenyamaziana mno tangu harusi ya kina Swaleh. Mengine tutazungumza kwa simu, lakini hili nimeona niliandike, maana nataka ulisome ukiwa umesimama mbele ya bodi zenyewe.

Ni zile kabati za madrasa, nadhani Mzee Kombo alishakueleza. Plaiwudi ya milimita 18, futi 8 kwa 4, ikaja kwa lori mpaka Mokowe, ikavushwa kwa mashua, ikapandishwa mtaani kwa mkokoteni. Nauli peke yake yauma. Uso wake safi kabisa, hauna kovu wala fundo. Nikaiweka mezani, nikapima, nikaanza kupasua taratibu kama ulivyonizoea. Katikati ya bodi msumeno ukalia mlio ambao si wa mbao, na cheche zikaruka. Cheche, Athmani, ndani ya plaiwudi!

Nilipozima nikakuta bledi mpya ya inchi 10, yenye meno 60, imeng'oka meno matatu yanayofuatana, na mengine yamemeguka ncha. Tukachukua patasi tukaibambua ile bodi tabaka kwa tabaka. Ndani tukakuta pini ya chuma, ile ya kubania, imelala kimya. Kando yake pana pengo la upana wa kidole, na gundi imetuama humo ikakauka ngumu. Juu ya yote hayo wamelaza ile ngozi nzuri.

Omari alikuwa upande wa pili akipokea bodi. Jino moja lilimpita likapiga ukuta nyuma yake, usawa wa macho. Nimelitafuta mpaka nikaliona limezama kwenye chokaa. Pesa ya bledi yaniuma, sikufichi, lakini usiku nikilala ni lile tundu ukutani ninaloliona. Yule kijana mamake alinikabidhi mkononi mwangu.

Wewe wajua plaiwudi inavyoundwa: tabaka zake huwa witiri, tatu, tano, saba na kuendelea, kila moja nyuzi zake zikikingama na ya chini yake. Hapo ndipo nguvu yake. Lakini tabaka za ndani huungwa vipande vipande. Vipande visipokutana, pana pengo. Vikipandana, pana uvimbe. Fundo likidondoka, shimo labaki. Vyote hivyo hufunikwa. Na kabaidi, ile madini iliyofanyiwa meno ya bledi zetu, ni ngumu sana, yakata gundi iliyokauka siku nzima, ila ugumu wake ndio udhaifu wake, haipindi. Ikigonga chuma yavunjika, au yang'oka pale ilipochomelewa.

Nilimpigia muuzaji. Akaniambia wao huuza kama ilivyokuja. Basi aliyeitengeneza hayupo, aliyeiuza hajui, na hasara yakaa kwa fundi! Mimi hilo silikubali. Anayeuza bodi kwa bei ya bodi nzima auze bodi nzima. Wazee wetu waliochonga milango ya mji huu walikuwa na gogo la msaji au mbambakofi mbele yao, ubovu wakauona kwa macho. Sisi leo twanunua uso tu. Na hatuna pa kukimbilia, kwani tangu lile katazo la kukata miti la 2018 mbao nzima zimekuwa ghali, na madrasa hawana pesa hiyo.

Tena si bledi peke yake. Kabati ya awali, parafujo ya bawaba iliingia ikazunguka bure, haikushika kitu. Pengo tena. Fikiria mlango wa kabati iliyojaa misahafu ukining'inia kwa bawaba moja, na watoto chini yake.

Sasa haja yangu. Zahitajika bodi nyingine sita, na safari hii sitaki kuagiza kwa simu. Nenda wewe mwenyewe pale Malindi. Tazama kingo zote nne kwenye mwanga wa jua, mianya huonekana hapo kwanza. Wakiwa wamepaka kingo rangi au wameziba kwa paki, kwaruza kwa kisu, na wakikukataza, ondoka. Kisha gonga uso wote kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti. Penye pengo sauti hubadilika, utaisikia. Na yule Hamadi fundi redio akupe sumaku ya spika kubwa. Ipitishe polepole pande zote mbili, ikivuta popote bodi hiyo iache. Pini ya shaba sumaku haitaiona, lakini pini nyingi ni za chuma.

Wakikwambia wanayo ya baharini, ile ya kipimo cha Kiingereza BS 1088, ulizia bei. Hiyo gundi yake hustahimili maji ya kuchemka na mapengo ya ndani yamewekewa kikomo. Ila muhuri usikutoshe, kingo zitazame vilevile.

Omari nimemnunulia miwani ya kazi, na sasa hasimami tena mbele ya msumeno. Bado huruka ukiwashwa, maskini.

Nijibu haya upesi: wapata nafasi kabla ya Ijumaa? Yule dereva wenu wa lori bado apita Garsen, au amehamia njia nyingine? Wamjua mtu huko au Mombasa anayechomelea meno mapya kwenye bledi, na atoza kiasi gani kwa jino? Sahani ya bledi yenyewe haikupinda, nimeipima kwa rula. Muuzaji akubali kuandika kwenye risiti kwamba yenye chuma ndani hurudishwa? Na mgongo wa Mzee wako je, ameanza kutoka kwenda msikitini?

Nasubiri.

Nduguyo,
Shee