Heidegger hakuteleza mwaka mmoja tu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa makala yenu aliyesema mwanafalsafa Martin Heidegger aliteleza mwaka mmoja tu, 1933, alipowaunga mkono Wanazi wa Hitler huko Ujerumani, na kwamba kuteleza si kuanguka.

Aprili mwaka huo alichaguliwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Freiburg, na Mei mosi akaingia chama cha Nazi. Novemba aliwaandikia wanafunzi kwamba Hitler, na yeye peke yake, ndiye uhalisia wa Ujerumani na sheria yake. Ukuu wa chuo aliuacha 1934. Chama hakukiacha mpaka 1945, Ujerumani iliposhindwa vita. Hiyo ni miaka 12.

Kinachoniuma zaidi ni ukurasa mmoja. Kitabu chake kikuu cha 1927, Sein und Zeit (Kuwa na Wakati), alikitabaruku kwa mwalimu wake, Edmund Husserl, "kwa heshima na urafiki", na chini yake akaweka tarehe 8 Aprili 1926, siku ya kuzaliwa ya mzee huyo. Husserl alizaliwa Myahudi, na Wanazi waliwatesa Wayahudi. Alipofariki 1938, Heidegger hakwenda kumzika. Chapa ya 1941 ikatoka bila ukurasa ule, na shukrani zikabaki kwenye tanbihi tu, kwa herufi ndogo. Baadaye alijitetea kwamba mchapishaji aliogopa kitabu kupigwa marufuku. Sawa, huenda woga ulikuwapo. Lakini vita vilipokwisha, nani alimziba mdomo?

Mwaka 1949, katika mhadhara aliotoa Bremen, alitaja vyumba vya gesi, ambamo Wanazi waliwaua Wayahudi, akavilinganisha na kilimo cha mashine! Mahojiano yake na jarida la Kijerumani la Der Spiegel ya 1966 aliagiza yasichapwe hadi afe, nayo yakatoka 1976, siku chache baada ya kifo chake. Humo hamna neno la kuwaomba radhi waliouawa.

Nafundisha kitabu hicho na sitaacha, maana anavyoeleza binadamu anavyoishi akijua atakufa sijaona kwingine. Ila siku ya kwanza huwaonyesha wanafunzi pale lilipokuwa jina la Husserl. Mwandishi wenu akiandika tena, naomba atueleze ile miaka 31 baada ya vita, ambayo Heidegger aliishi kwa amani, akiwa na kalamu mkononi na wasomaji dunia nzima.

Mwalimu wa falsafa,
Dar es Salaam