Merikani ya bibi na barua ya Burns

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, wazima huko? Goti la bibi linaendeleaje? Mimi mzima, baridi tu ndo inanimaliza, mwezi wa nne huu na bado natembea na makoti mawili kama mtu anayehama.

Samahani nimechelewa kujibu. Uliniuliza lile swali ukaliacha hapo hapo kama kawaida yako, kwamba hawa Wamarekani wa kaskazini kama walikuwa wanakula hela ya pamba ya watumwa, sasa ilikuwaje wakaja kugombana na kusini mpaka vita? Nilitaka kukujibu kwa kifupi nikashindwa, alafu Jumamosi nikapelekwa kwenye kiwanda cha nguo cha zamani hapa Lowell, jimbo la Massachusetts, siku hizi ni makumbusho, nikasema basi leo naandika.

Shoga, zile mashine wanaziwasha kweli. Zimepangwa safu kwa safu chumba kizima, wakiwasha chache tu sakafu inatetemeka mpaka unaisikia kwenye meno, mtu wa pembeni yako anaongea unaona mdomo tu. Kinachotoka ni kitambaa cheupe, kizito, cha kawaida kabisa, nikakishika nikasema mbona hiki nakijua. Merikani! Ile ile ya bibi. Meli za Salem, mji uko pwani si mbali na hapa, zilikuwa zinaipeleka Unguja enzi za Sayyid Said, mkataba wao wa biashara ulisainiwa 1833, wanashusha nguo wanapakia pembe za ndovu na sandarusi. Sasa wewe fuata huo uzi: pamba inachumwa na watumwa kusini kwa viboko, inafumwa huku, inavuka bahari, inashuka Unguja, wapagazi wanaibeba mpaka bara, na huko bara ilinunua pembe na ilinunua watu vilevile. Ilibidi nitafute benchi nikae.

Kwa hiyo swali lako lina haki yake. Hata wao walikuwa wanasemana. Charles Sumner, kabla hajawa seneta, 1848 aliwaambia wazi kwamba mabwana wa viboko wa kusini na mabwana wa vitambaa wa kaskazini lao moja. Na mmoja wa hao mabwana wa vitambaa alikuwa tajiri wa Boston anaitwa Amos Lawrence, mtu wa tusigombane biashara iendelee. Kilichomgeuza huyo ndo jibu lako.

Kulikuwa na kijana wa kama miaka 20, Anthony Burns, alitoroka Virginia kwa kujificha melini mwanzoni mwa 1854, akafika Boston akapata kazi kwenye duka la nguo za mitumba, bosi wake mweusi mwenzie. Akamkumbuka kaka yake aliyebaki utumwani, akamwandikia barua. Akawa mjanja, akaituma kupitia Kanada ili isijulikane ilikotoka, ila ndani juu kabisa aliandika Boston, kama mimi na wewe tunavyoandika tu bila kufikiria. Bwana wa kaka yake akaifungua.

Tarehe 24 Mei anatoka kazini jioni wakamkamata, wanasingizia kaiba vito. Ukweli ni kwamba walitaka kumrudisha utumwani. Sasa sheria yenyewe ya kurudisha watumwa waliotoroka, ya 1850, isome vizuri: mshtakiwa haruhusiwi kujitetea kwa ushahidi wake mwenyewe, hakuna baraza la wazee wa mahakama, na kamishna anayeamua akisema mtu arudishwe analipwa dola 10, akimwachia analipwa dola 5. Eti ni kwa sababu ya makaratasi mengi! Na raia yeyote wakikuita usaidie kukamata huruhusiwi kukataa. Kabla ya hapo mtu wa Boston alikuwa anaweza kujifanya hayamhusu, yako huko mbali, yeye anauza vitambaa vyake. Sasa utumwa umemfuata mpaka mtaani kwake unamwambia shika upande huu.

Watu wakavamia mahakama wamtoe, wakashindwa, mlinzi mmoja akafa. Tarehe 2 Juni wakamtembeza kwenda bandarini, kijana mmoja, amezungukwa na askari na mzinga juu, watu kama elfu 50 wamejaa pande zote wanazomea, maduka yametundika vitambaa vyeusi vya msiba na jeneza limening'inizwa juu ya barabara limeandikwa UHURU. Hao watu wa kusini ndo hao hao wanaotetewa mpaka leo kwamba shida yao ilikuwa serikali kuu kuingilia majimbo, lakini siku ile jeshi la serikali kuu lilikuwa Boston kwa faida yao na hakuna aliyelalamika, hapo ndo huwa wananichosha.

Lawrence aliandika siku zile zile kwamba walilala wakiwa watu wa maridhiano wakaamka vichaa wa kupinga utumwa. Na hela akatoa. Wiki ile ile ya Burns, 30 Mei, rais alisaini sheria ya kuacha walowezi wa Kansas na Nebraska waamue wenyewe kama wanataka utumwa, wakati tangu 1820 ulipigwa marufuku sehemu zile, basi kila upande ukakimbiza watu wake Kansas. Lawrence akalipia walowezi, akanunua na bunduki, mji wao wakauita jina lake. Mei 21, 1856 watetezi wa utumwa wakauvamia, wakachoma hoteli, wakaharibu ofisi za magazeti mawili. Kesho yake tu Sumner, sasa seneta, amekaa kwenye dawati lake bungeni, mbunge wa South Carolina, kakasirishwa na hotuba yake ya kupinga utumwa Kansas, akamshambulia kwa fimbo mpaka fimbo ikavunjika, na dawati lilikuwa limefungwa sakafuni, Sumner akaling'oa akijaribu kuinuka. Wa kusini wakamtumia yule mbunge fimbo mpya za zawadi. Baada ya hapo sijui ungewakalisha vipi meza moja. Lincoln, aliyepinga utumwa usienee, alishinda urais 1860 bila hata kuwemo kwenye karatasi za kura majimbo mengi ya kusini, Aprili 1861 mizinga ikalia, vita vikaanza kati ya kaskazini na kusini, pamba ikakatika, na merikani ikaanza kuadimika Unguja, Waingereza na watu wa Bombay wakaingiza zao.

Burns waliuzana huko mpaka watu wa Boston wakachanga dola 1,300 wakamnunua, akawa huru 1855, akaenda kusoma, akafa mchungaji huko Kanada 1862. Baada yake hakuna mtumwa aliyerudishwa tena kutoka Massachusetts.

Sasa nitumie basi. Muulize bibi kile kipande chake cha merikani bado kipo kwenye sanduku, na nani alimpa. Piga picha kwa karibu nyuzi zionekane, nataka niipeleke pale kiwandani nimwonyeshe yule mzee anayewasha mashine.

Wako,
Mwanaidi