Mrudishieni kijana gitaa lake la besi

Mhariri,

Naandika nikiwa na uchungu, naomba mnipe hata kona ndogo. Kanisani kwetu hapa Arua, Uganda, wazee walikaa wiki mbili zilizopita wakakata shauri kwamba gitaa la besi lisipigwe tena kwenye ibada, eti anachopiga yule kijana wetu ni fanki, muziki wa dansi wa Wamarekani weusi, ni mambo ya disko. Wamebakiza kinanda na adungu, kile kinubi chetu cha asili.

Sasa mi nauliza. Mwezi huu tumezika watu wawili na mara zote mbili tumesindikiza jeneza na "Soon and Very Soon", tena wazee ndio walikuwa wanaimba kutushinda sisi wote, machozi yanawatoka. Wanadhani ule wimbo ni wa wamisionari wa zamani. Si kweli! Ni wa Andraé Crouch, Mmarekani mweusi, mtoto wa mchungaji kule Los Angeles, na ulitoka 1976 kwenye albamu ya This Is Another Day aliyoimba na kundi lake The Disciples. Itafuteni kwenye simu msikilize albamu nzima sio huo wimbo mmoja tu, mtasikia besi inavyozungumza na drams, ni fanki kabisa ile ya miaka ya sabini, na katikati ya hiyo fanki ndimo ulimotoka wimbo wetu wa msiba. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa Take Me Back ambayo ilimpa tuzo ya muziki ya Grammy. Na "My Tribute" ile ya kumrudishia Mungu utukufu, ambayo kwaya yetu inafungia ibada, ni yake pia, ya 1971.

Hata yeye alisemwa, waumini wengine wa kwao walisema anaichanganya Injili na mambo ya kidunia. Lakini alikuja kuwa mchungaji wa kanisa lilelile la baba yake hadi alipofariki 2015, kwa hiyo hiyo fanki haikumpoteza.

Halafu hiyo adungu mnayoitetea, marehemu babu yangu alikuwa anatuambia enzi zake ilikuwa ya kwenye pombe, mlokole hakuigusa. Leo ziko mbele ya madhabahu, ndogo mpaka kubwa, na ile kubwa kuliko zote kazi yake ni ipi kama sio besi? Ndio maana mi sielewi, nyuzi zile zile za chini zikiwa kwenye mti na ngozi ni takatifu, zikiwa kwenye gitaa ni dhambi?

Kijana ana miaka 17, alijifunza peke yake, Jumapili iliyopita alikaa benchi la nyuma kabisa na hakufungua mdomo hata wimbo mmoja. Wazee wangu, nawaheshimu sana, naomba mumuite mkae naye mumsikilize akipiga kabla ya mazishi mengine.

Muumini, Arua