Mdogo wangu, usimkatize bibi akifika kwenye meli nyeupe

Mdogo wangu,

Huku nyumbani sote wazima. Nimeisikiliza ile sauti uliyonirekodia na, nikuambie ukweli, imeniudhi kidogo. Bibi wa Kiestonia anakusimulia walivyoikimbia nchi yao, Estonia, kando ya Bahari ya Baltiki, anafika kwenye meli nyeupe, nawe unamdakia: "Lakini hiyo si hadithi tu?" Akanyamaza. Mkaishia kuzungumzia theluji. Umepanga chumba Tartu College, jengo walilojijengea Waestonia wa Toronto mwaka 1970, na humohumo ndani wametunza kumbukumbu zao. Basi angalau ujue umemkatizia wapi.

Meli hiyo ni ya zamani kuliko bibi mwenyewe. Wakulima wa Estonia waliachiwa huru kutoka kwa mabwana wa Kijerumani kati ya 1816 na 1819, ila ardhi ikabaki kwa mabwana walewale. Uhuru bila shamba, wewe uliyekulia kijijini unajua maana yake. Ndipo akatokea Juhan Leinberg, aliyejulikana kama Nabii Maltsvet. Mwaka 1861 wafuasi wake walikwenda kupiga kambi Lasnamägi, kwenye miinuko iliyo karibu na Tallinn, mji mkuu, wakikodolea bahari macho: meli nyeupe ingekuja kuwachukua hadi nchi ya neema. Wakangoja wiki baada ya wiki. Meli haikutokea. Wengine walifunga safari kwa mikokoteni, nchi kavu, mpaka Crimea, rasi ya Bahari Nyeusi. (Watu wanapenda kuwacheka. Mimi siwacheki, maana Crimea walifika.)

Kisha ikaja 1944, katikati ya Vita Kuu vya Pili. Jeshi la Kisovieti liliingia Tallinn tarehe 22 Septemba, na mwaka huo watu zaidi ya 70,000 waliihama nchi, wengi kuelekea Ujerumani na Sweden. Waliovuka Baltiki walipanda chochote kilichoelea, mashua za uvuvi zikiwemo, na wapo waliozama. Waliobaki nyuma, chini ya utawala wa Kisovieti, ndio walioifufua ile meli: miaka na miaka wakanong'onezana kwamba meli nyeupe itatoka magharibi kuja kuwaokoa. Safari hii haikutarajiwa kumpeleka mtu popote, ilitarajiwa kuleta uhuru pale pale walipo.

Sasa rudia rekodi yako. Kabla hujamdakia, bibi anasema: "Yetu haikuwa nyeupe. Ilinuka samaki." Je, hapo anadai aliiona meli ya ajabu? Hata kidogo. Anaipima mashua yake kwa meli ambayo kila Mwestonia anaijua, na nadhani anawakumbuka pia waliobaki ufukweni, wakiitazamia toka upande uleule alikokwenda yeye. Mambo yote hayo kayabeba kwa sentensi mbili fupi, wewe ukataka tarehe.

Tarehe zipo, usijali. Sweden ilipowakabidhi wanajeshi wa nchi za Baltiki, waliokimbilia kwake, kwa Wasovieti mwezi Januari 1946, wakimbizi wengi waliingiwa na hofu kuwa zamu yao inakuja. Ndiyo sababu wengine walivuka tena, Atlantiki sasa, kwa vyombo vidogo vya kutia huruma. Kimojawapo, Walnut, kilifika Halifax, Kanada, Desemba 1948 na watu 347, nacho zamani kilikuwa chombo cha kufagia mabomu ya baharini. Mambo ya namna hii utayasoma popote. Lile la samaki hulipati kwingine.

Isitoshe, hao ni watu waliozoea kuandika yao. Jakob Hurt, mchungaji na mkusanya mapokeo wa Kiestonia, aliwaomba wananchi mwaka 1888 wamkusanyie nyimbo, ngano na mila za vijijini kwao, wakaitika kwa maelfu ya kurasa. Leo Jumba la Makumbusho ya Fasihi katika mji wa Tartu, kulekule Estonia, linahifadhi hazina hiyo ya mapokeo pamoja na simulizi za maisha za watu wa kawaida, wakiwemo wa ughaibuni. Kwa hiyo usiogope kumchosha.

Nenda Jumapili, mpelekee chochote cha chai, umwombe radhi. Usimuulize kama ni kweli. Muulize nani alimsimulia kwanza habari za meli ile, walikuwa wapi, na je, mama yake aliitaja usiku ule wa kuondoka? Kisha funga mdomo. Akikubali, rekodi yote, unitumie nzima nzima, na usinifanyie muhtasari.

Kaka yako