Malalamiko kuhusu safari ya Mosi-oa-Tunya

Lubumbashi, tarehe 9 mwezi wa 11

Yahusu: kurudishiwa pesa

Bwana Mkurugenzi,

Ninakuandikia kwa niaba ya wanafunzi 22 wa jiografia mliotupeleka Livingstone, Zambia, kuona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria), tarehe 24 hadi 29 mwezi wa kumi. Kila mmoja alilipa dolari 380, na risiti zote ninazo.

Kwenye karatasi mliyotuachia chuoni kuna picha ya maporomoko yakimwagika ukuta mzima, mvuke ukipanda juu ya miti. Na jina lenyewe, Mosi-oa-Tunya, ni moshi unaonguruma; hata Mswahili analisikia. Mkasisitiza tusikose makoti ya mvua, kwa sababu pale mtu hulowa chapachapa. Makoti hayo mkatuuzia ninyi wenyewe, dolari 5 kila moja.

Tulipofika tulikuta mwamba. Upande wa Zambia ulikuwa mweusi na mkavu toka juu hadi chini, isipokuwa uzi mmoja wa maji ambao upepo uliupeperusha kabla haujafika bondeni. Mwenzetu mmoja alivaa koti lake hivyohivyo, akasimama kwenye daraja la miguu apigwe picha katika jua la saa sita. Jasho ndilo lililomlowesha. Maji tuliyaona kwa mbali, upande wa Zimbabwe, ambako safari yenu haikufika. Mlinzi wa getini alituuliza nani ametuleta, akacheka kwa upole: "Mrudi mwezi wa nne."

Nilipokupigia simu ulijibu kwamba maji ni mambo ya Mungu. Sawa, mvua ni ya Mungu. Lakini mto Zambezi hujaa karibu na mwezi wa nne na kushuka sana mwezi wa kumi na wa kumi na moja, na anayeuza safari za huko anajua. (Sisi wa jiografia nasi tulipaswa kujua. Profesa wetu ametucheka vya kutosha. Hilo tunalibeba wenyewe.)

Kinachouma zaidi ni mashua za mpira mlizotuahidi. Maji yakipungua ndipo korongo la Batoka linapofaa kwa mchezo huo, kwa hiyo mwezi wa kumi ungekuwa na faida hiyo moja. Vijana wa mashua walipekua daftari lao mara mbili: jina la kampuni yenu halimo, wala hakuna kilicholipwa. Kiongozi wenu akasema mtandao unasumbua. Tukashinda juu ya korongo tukila mikate mikavu, tukisikiliza wengine wakipiga kelele za furaha kule chini.

Saa tano tulizokaa mpakani Kasumbalesa siwadai. Foleni ya malori ya shaba si yenu. Na dereva wenu ni mtu mzuri, mfikishieni shukrani zetu.

Tunachodai ni dolari 90 za mashua kwa kila mwanafunzi, kama mlivyoandika wenyewe kwenye hesabu ya safari, yaani 1,980, pamoja na 110 za makoti. Jumla 2,090. Makoti 21 bado yamo ndani ya plastiki zake. La 22 lina jasho, lakini mtalipokea pia.

Nitapita kwenye biro yenu Jumatatu ijayo, saa tatu asubuhi, na risiti mkononi.

Mweka hazina,
kwa niaba ya wanafunzi 22